Desiderio Antilef Barría na Kamba ya Kampuni ya Pili

Padre, Bwana Msimamizi, Kapteni na wanakampuni wote wa Kampuni ya Pili ya Zimamoto ya Trafunco, mafundi wa laini za umeme wenzake Desiderio, majirani wa mtaa wa Los Canelos, nanyi mliotoka mbali mkasimama kwenye matope haya bila kulalamika, familia ya Antilef na familia ya Oyarzo zinawaomba uvumilivu kwa mara nyingine moja, maana tangu Jumamosi mmesikia hotuba nyingi na miguu imechoka, yetu pia imechoka, lakini haifai mtu ashushwe kaburini kabla watu hawajaambiwa alikuwa nani na ilikuwaje akafika hapa.

Historia hii imeandikwa na shemeji wa marehemu, Abelardo Oyarzo, kaka wa mjane, aliyekuwa mpimaji wa mito katika idara ya maji hadi alipostaafu, na kabla ya kuletwa hapa imesomwa jikoni mbele ya mjane na watoto, na kila mahali ambapo mjane alisema "futa hapo", pamefutwa. Ni yeye pia aliyeomba maziko yafanyike mchana, si usiku kwa mienge ya kampuni kama ilivyo desturi, kwa sababu, kama alivyosema, amechoka na giza.

Desiderio Antilef Barría alizaliwa tarehe 9 Mei 1968 katika kitongoji cha Quechuco, ng'ambo ya mto, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa marehemu Lorenzo Antilef, mkata mbao, na marehemu Edelmira Barría, aliyeletwa hapa na ndoa kutoka visiwa vya Chiloé na ambaye hakuzoea maji ya mto hata siku moja, kwani alikuwa akisema bahari ina adabu, huja na kurudi, ila mto huenda tu.

Kumbukumbu ya kwanza ya Desiderio, kwa maneno yake mwenyewe, ilikuwa ya bibi mmoja aliyekaa kwenye kiti cha jikoni ukingoni mwa mto, amejifunika shali, ameyaelekea maji, na alipomwuliza mama yake, "Yule bibi anamngoja nani?", akajibiwa, "Anamngoja mwanawe", na alipouliza tena, "Atarudi lini?", mama yake akamwambia, "Wewe kula mkate wako." Bibi huyo alikuwa mama yake Segundo Pincheira, kijana wa Kampuni ya Pili, kikosi chetu cha kujitolea, aliyeingia majini bila kamba katika mafuriko ya Julai 1971 kuwatoa watu waliokwama darajani, akachukuliwa na mkondo, na mwili wake haukupatikana. Bibi huyo alikaa kwenye kiti kile kila alasiri kwa miaka tisa. Mdogo wake Segundo, aliyekuwa na miaka kumi na mitano wakati huo, ndiye leo Kapteni wetu, Bwana Evaristo Pincheira, na tangu mwaka ule kampuni iliapa kwamba hakuna mtu wake atakayeingia majini bila kufungwa kamba kifuani, na kwamba fundo litafungwa na Kapteni kwa mkono wake mwenyewe, ili kila anayeingia arudi kwao, akiwa hai au akiwa maiti. Wageni wanaweza kushangaa, lakini kwa watu wa Trafunco waliokiona kile kiti hilo halikuwa jambo la kushangaza.

Marehemu alisoma shule ya msingi hapa Trafunco kuanzia mwaka 1974 hadi 1981, kisha sekondari ya ufundi mjini Temuco, tawi la umeme, kuanzia 1982 hadi 1985, ambako alikuwa wa wastani katika masomo yote isipokuwa hesabu, na alipenda kusema kwamba hesabu alifaulu kwa sababu mwalimu alikuwa mkali, wala si kwa sababu alikuwa na akili. Baada ya kutumikia jeshi mwaka 1987, aliajiriwa tarehe 1 Machi 1988 kama fundi wa laini za umeme, kazi aliyoifanya mpaka siku alipofariki, akipanda nguzo katika mvua na theluji kutoka hapa hadi milimani, na wateja wake wakampa jina la Fyuzi, jina ambalo mwanzoni hakulipenda na mwishoni alikuwa akilitumia mwenyewe kwenye simu.

Jambo hili la nguzo lina maana katika yale yatakayofuata. Mtu aliyefanya kazi miaka thelathini na sita juu ya nguzo huiamini kamba, kwa sababu huko juu hatari iko upande mmoja tu, upande wa chini, na kamba ikikaza ndipo unapopona, na kwa hiyo alipojiunga na Kampuni ya Pili tarehe 12 Machi 1990, kiapo cha kamba kilimwingia vizuri, akakifundisha kwa vijana waliokuja baada yake, na hakuona ubaya wowote ndani yake kwa muda wa miaka ishirini na saba.

Tarehe 23 Novemba 1996 alifunga ndoa na Nolfa Oyarzo katika kanisa la parokia hii, na king'ora kikalia katikati ya keki. Bwana harusi akaondoka na kikosi akiwa bado amevaa tai, kwenda kuzima banda la nyasi kavu, akarudi baada ya muda ananuka moshi, na bibi harusi akamwambia mbele ya wageni, "Wewe umemwoa king'ora, mimi niko hapa kushika nafasi tu", naye akamjibu, "Basi shika vizuri, wengine wanaitaka." Walijaliwa watoto wawili, Ulises, aliyezaliwa tarehe 4 Februari 1998 na ambaye anafanya kazi migodini kaskazini, amesafiri siku mbili kwa basi kufika hapa, na Yasna, aliyezaliwa tarehe 30 Septemba 2001, muuguzi mwanafunzi, ambaye mwaka 2020 alijiunga na Kampuni ya Pili bila kumwambia mama yake, na baba yake alipoulizwa kama alijua, alisema alijua nusu.

Mwaka 2017, mwezi Oktoba, kampuni ilimtuma Desiderio mjini Valdivia kwenye mafunzo ya uokoaji mtoni, kwa sababu nafasi ilikuwa moja na wengine wote walikuwa na kisingizio. Huko alifundishwa kwamba kamba iliyofungwa kwa fundo mwilini mwa mtu aliye kwenye maji yaendayo kasi humwua mtu huyo, kwa sababu kamba ikikaza humshikilia mahali pamoja, na maji yasiyoweza kumpeleka mbele humkandamiza chini, na kadiri wenzake wanavyovuta kwa huruma ndivyo anavyozidi kuzama. Mwandishi wa historia hii ameupima Mto Trafunco kwa miaka thelathini na mmoja, na anaweza kuthibitisha kwa hesabu rahisi kwamba maji yanayokwenda mita tatu kwa sekunde, ambayo ni kasi ya kawaida ya mto huu ukijaa, humwelemea mtu mzima aliyezuiwa kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo mia mbili, na hakuna misuli ya mwanadamu inayoweza kunyanyua kichwa chini ya mzigo kama huo. Anayeingia katika maji ya namna hiyo huvaa jaketi la kuelea ambalo kamba yake imeshikizwa mgongoni na hufyatuka mara moja akivuta kishikio kifuani, huwa na kisu begani, na huwekewa watu wawili, mmoja upande wa juu wa kutazama magogo yanayokuja, mwingine upande wa chini mwenye kamba ya kurusha.

Aliporudi hakutoa hotuba. Alingoja Jumamosi ya mazoezi, akawapeleka wenzake kwenye kivuko cha kinu cha zamani, akajaza gunia mchanga na vipande vya mbao mpaka likaelea kama mtu, akalifunga kamba kwa fundo la kampuni, akalitupa mtoni, na alipowaambia wakaze kamba, gunia likapiga mbizi mbele ya macho yao na halikuonekana tena mpaka walipoiachia.

"Gunia halina mikono, Fyuzi," mmoja akasema. "Lingeogelea."

"Wewe una mikono, na nimekuona bwawani," Desiderio akamjibu. "Gunia lina afadhali."

Walicheka wote isipokuwa Kapteni, ambaye alikuwa amesimama kando akilitazama gunia likivutwa nje likichuruzika maji, na aliposema, alisema kwa upole. "Gunia lako limerudi, Desiderio," alisema. "Kaka yangu hajarudi."

Desiderio alilikunja gunia lake akarudi nyumbani. Mke wake anakumbuka kwamba jioni ile alikaa mezani bila kugusa mchuzi wake wa cazuela, na alipomwuliza ana nini, alisema, "Niko sahihi, halafu siwezi kumwambia." Familia inataka jambo hili lieleweke, kwa sababu ndilo kiini cha yote: watu wa kampuni hii hawakuwa wazembe, na hawakuwa wajinga, walinyamazishwa na heshima, na yeye wa kwanza, kwani hakuna aliyeweza kumtazama Evaristo Pincheira usoni akamwambia kwamba kile alichokitunza kwa ajili ya kaka yake kinaweza kuua.

Hata hivyo hakuacha. Mwaka 2019 wenzake wa Valdivia walimpa majaketi matatu mekundu ya namna tuliyoeleza, yakawekwa ndani ya kabati la ubavuni mwa gari la kampuni, na Kapteni hakuyakataa, alisema tu yakae humo. Yalikaa humo. Ila kila mwaka mwezi Agosti, gari likisafishwa kwa ajili ya maadhimisho ya kampuni, majaketi yalitolewa yakatundikwa ukutani ukumbini, chini ya picha za waasisi, kwa sababu rangi yake ilipendeza, na wageni walipenda kupiga picha nayo.

Kuhusu afya, marehemu hakuwahi kuugua ugonjwa mkubwa, alikuwa na goti la kulia lililoumizwa na nguzo mwaka 2012, na alikuwa na mazoea ya kusema linamwambia habari za mvua kabla ya redio. Ugonjwa aliougua, kama familia itaruhusiwa kuuita hivyo, ulianza na kwisha alasiri moja, Jumamosi tarehe 17 Agosti 2024, siku moja kabla ya maadhimisho.

Mvua ilikuwa imenyesha tangu Alhamisi na mto ulikuwa umejaa. Mama Orfelina Quidel, ambaye nyote mnamfahamu kwa kukusanya maziwa mashambani, alijaribu kuvuka kwenye kivuko cha kinu cha zamani, pikapu yake ikasukumwa kando na kukwama kwenye jiwe, naye akapanda juu ya paa. King'ora kililia wakati wanakampuni wakipaka gari nta. Wakaondoka kumi na mmoja, na gari, kwa ushuhuda wa wote, lilikuwa linang'aa.

Walipofika ukingoni, Yasna alifungua kabati la ubavuni na kukuta matambara na kopo la nta.

"Baba," alisema, "majaketi yako ukutani."

Desiderio akamwomba Kapteni watume mtu mjini ayalete, na Kapteni akatuma mtu, hilo lisisahauliwe, lakini pikapu ilikuwa ikiteleza kidogo kidogo kwenye jiwe, mama yule alikuwa akiita, na Kapteni akaamua kwamba hawawezi kungoja. Hakuna mtu aliyewekwa upande wa juu kutazama magogo, na hakuna aliyewekwa upande wa chini. Wote waliokuwepo walihitajika kwenye kamba, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa desturi, kwamba mmoja huingia na waliobaki huvuta. Na desturi ilikuwa pia kwamba anayeingia ni mwepesi kuliko wote, ili avutike.

Mwepesi kuliko wote alikuwa Yasna. Kapteni hakumwita kwa jina, aligeuka tu na kamba mkononi, na binti akaanza kuvua koti lake. Hapo Desiderio akasogea katikati yao.

"Huyu goti linamwuma," alimwambia Kapteni.

"Goti gani?" Yasna akauliza.

"Goti lako. Nyamaza."

"Fyuzi, wewe una kilo tisini," Kapteni alisema.

"Basi leo mtafanya kazi," akajibu, na akaichukua ncha ya kamba.

Kapteni akamfunga kifuani kwa mkono wake kama kiapo kilivyotaka, fundo juu ya fundo, na Desiderio akamwambia, "Legeza kidogo, Evaristo, niweze kulifungua", naye akajibu, "Nikilegeza nitakupoteza." Wanakampuni waliokuwa karibu wanasema Desiderio alimtazama kidogo kisha akampigapiga begani, kama mtu anayemtuliza mwenzake kabla ya sindano. Halafu alimgeukia binti yake na kumwambia neno ambalo Yasna ameiruhusu familia ilisome hapa. "Ukiniona nimezama na kamba imekaza, waambie waiachie. Usiwaombe wavute. Waambie waiachie."

Aliingia akiwa na mpira wa tairi, akafika kwenye pikapu, akamvisha Mama Orfelina mpira ule, akamsukuma kuelekea mierebi ya ng'ambo, na mama yule, ambaye alitaka kumng'ang'ania shingoni kama yeyote angefanya, anasema alimwambia, "Mama, shika mti, usinishike mimi, mimi nina wa kunishika." Alishika mti. Majirani wa ng'ambo wakamtoa, na yuko hapa pamoja nasi.

Kisha likaja gogo la msonobari, ambalo mtu mmoja tu upande wa juu angeliona mapema, likagonga kamba katikati, kamba ikakaza, na Desiderio akaenda chini kama gunia lile. Yasna alipaza sauti, "Iachieni! Baba alisema iachieni!" Kapteni naye akasema, "Msiachie, tutampoteza." Watu saba walikuwa kati ya sauti hizo mbili, na walitii ile waliyoizoea. Walivuta kwa nguvu zao zote. Viganja vyao mnaviona leo vimefungwa bandeji, na familia inapoviona haina hasira, inachoka tu, kwa sababu inajua kila mkono ulivuta kwa mapenzi, na kila mvuto ulimweka chini.

Alipotolewa, binti yake alimsukuma kifua mpaka gari la wagonjwa lilipofika, na daktari wa zamu wa hospitali ya mji alithibitisha kifo chake saa kumi na dakika arobaini jioni. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na sita. Majaketi yalifika ukingoni baada ya gari la wagonjwa kuondoka.

Tangazo lililobandikwa kwenye mlango wa ukumbi linasema mto ulimchukua. Familia inaomba, kwa heshima zote, tangazo hilo libanduliwe. Mto haukumchukua Desiderio, mto ungempeleka mita sitini chini kwenye mchanga wa kinu, mahali ambapo ng'ombe na magogo na mipira ya watoto hutua kila msimu wa mvua, kama kila aliyepima pale anavyojua. Kamba ndiyo iliyomshika. Hatusemi haya ili mtu yeyote aadhibiwe, na mpelelezi ameshaambiwa hivyo na mjane kwa kinywa chake, tunayasema kwa sababu mto bado umejaa, mvua haijaisha, na Alhamisi, yaani kesho, Yasna ana zamu.

Jumatatu alasiri Kapteni alikuja nyumbani, amevaa sare, na chini ya kwapa alikuwa na ile kamba, imefuliwa, imekaushwa, imekunjwa vizuri, kwa kuwa ni desturi kamba ilale juu ya jeneza.

"Nimekuletea, Nolfa," alisema mlangoni. "Ni safi."

"Nani ameifua?"

"Mimi."

"Kaa chini. Utakunywa nini?"

"Sitaki kitu."

"Jikoni humu hakuna anayekaa bila kunywa, Evaristo, usinianzishie leo."

Akampa kibuyu cha mate, chai ya majani ya kwetu, akanywa. Kisha Kapteni akasema, akiwa ameinama, "Angalau ilimrudisha."

"Ilimrudisha amekufa," Nolfa alimwambia, bila kupandisha sauti. "Mimi ningekubali kukaa kwenye kiti kama mama yako. Ningekaa miaka tisa. Ila awe na nafasi, hata ndogo, ya kutoka mwenyewe huko chini akiwa amelowa, anauliza chakula kiko wapi."

"Mama hakula mezani tena baada ya Segundo," Kapteni alisema. "Alikula pale pale ukingoni. Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea sahani."

"Najua. Desiderio alinisimulia. Ndiyo maana alinyamaza miaka yote hii, kwa ajili ya sahani hiyo." Kisha akamwita binti yake kutoka chumbani. "Yasna, Alhamisi una nini?"

"Nina zamu, mama."

"Utaenda?"

"Nitaenda."

"Umesikia, Evaristo. Nimemzuia tangu Jumapili, ni mbishi kama baba yake. Sasa niambie wewe. Ukiitwa mtoni Alhamisi, utamfunga?"

Kapteni akaweka kibuyu mezani. Alisema, "Sitamfunga." Na Nolfa akauliza, "Na atakayeshika ukapteni baada yako?" Hapo hakuahidi, kwa sababu ni mtu mkweli, na anajua kwamba kamba ikiendelea kutundikwa ukumbini chini ya jina la Segundo, siku moja kijana mwenye hofu ataitundua na kumfunga mwenzake, naye ataamini kwamba anatenda wema.

"Basi usiiweke juu ya jeneza," Nolfa alimwambia. "Wala sitaki ichomwe, kaka yako hakukukosea kitu. Mshusheni Desiderio nayo. Ikifika chini, muiachie."

"Tuiachie?"

"Muiachie. Safari hii muiachie."

Familia inamshukuru daktari wa zamu na wauguzi wa hospitali, ambao walijaribu kwa muda mrefu kuliko walivyotakiwa, inawashukuru wakufunzi wa Valdivia waliofika na kusimama nyuma kabisa kana kwamba wana hatia, hawana, inawashukuru mafundi wa laini za umeme waliozifanya zamu zake bila kuulizwa, na majirani wa Los Canelos ambao kwa siku nne hawajaacha moto wa jiko letu uzimike wala meza yetu ikose mkate. Tunamshukuru Mama Orfelina, ambaye kila asubuhi ameacha maziwa mlangoni na kuondoka kabla hatujafungua, na tunamwambia mbele ya watu wote, mama, kesho bisha hodi uingie, hakuna cha kutuomba radhi. Tunaishukuru Kampuni ya Pili. Jana wanakampuni walikubaliana kwamba majaketi hayatatoka tena kwenye kabati la gari kwa sherehe yoyote, na familia imelisikia hilo na inalipokea.

Kapteni ameikata kamba vipande viwili asubuhi ya leo kwa kisu chake mwenyewe, mbele ya kampuni yote. Ncha nne zitashikwa na Ulises, Yasna, Kapteni, na mwandishi wa historia hii, ambaye anaomba asaidiwe kidogo kwa sababu ya mgongo. Jina la marehemu litaitwa, nanyi wa kampuni mtaitika kwa niaba yake kama ilivyo desturi yenu, kisha atashushwa taratibu, na mtakaposikia jeneza limetua, tafadhali msisogee kutusaidia kuzivuta kamba nje. Yasna ataachia wa kwanza. Kapteni ataachia baada yake.

Desiderio, umefanya kazi ya kutosha juu ya nguzo na ndani ya maji, goti lako lipumzike nalo. Lala kwa amani, hakuna tena anayekuvuta.